Mzigo wa Ugonjwa Mrefu: Habari za Kuwatunza Wasiojiweza katika Nchi ya Upare

Katika kitabu hiki cha jubilei wenzetu wameandika habari za makanisa, za shule, na za walimu wa kwanza. Sisi tumepewa kuandika habari za watu ambao hawakujenga kanisa wala hawakufundisha shule, nao ni wale waliolala ndani: wazee wasioweza tena kushika jembe, wenye ukoma, wenye kifafa, waliovurugika akili, waliopooza, na wale ambao ugonjwa wao haukuwaua wala haukuwaacha. Habari hizi hazina shangwe nyingi. Lakini mtu akitaka kujua jinsi nchi ilivyokaa, asitazame majengo tu. Na aulize pia ni nani aliyempelekea mgonjwa uji asubuhi, na unga wa uji ule ulitoka kwa nani.

Maana ugonjwa ni wa namna mbili. Ugonjwa mfupi wajulikana: mtu hushikwa na homa, huchukuliwa kwa machela mpaka penye dawa, kisha hupona au hufa. Ugonjwa mrefu hauna siku ya mwisho. Wenyewe hautaki dawa tu. Wataka maji, kuni, chakula, nguo ya kubadili, mtu wa kumgeuza mgonjwa usiku, na mtu wa kukaa naye mchana ili wengine waende shambani. Kazi hiyo haimalizwi na mtu mmoja, wala na mfuko mmoja wa fedha. Yahitaji mikono mingi ishikane, na katika kushikana huko ndimo yalimo mashaka tutakayoyaeleza.

DESTURI YA ZAMANI

Kabla ya misheni na serikali, mgonjwa alikuwa wa nyumba yake na wa ukoo wake. Wapare walikuwa na kazi ya pamoja iitwayo msaragambo: watu wa mahali huitwa, kila nyumba hutoa mtu, hutengeneza njia, huchimba mifereji, hujenga ndiva. Msomaji asiyekuwa wa milima hii na ajue ya kuwa ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo: maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na mchana hufunguliwa, yakaenda katika mashamba ya watu kwa zamu. Watu waliozoea kugawana maji kwa zamu hawakuona ajabu kugawana kazi ya shamba la jirani mgonjwa.

Walakini tusiisifu zamani kupita kiasi. Mwenye ukoma alikaa kando. Mwenye kifafa aliogopwa, hata akianguka motoni watu walisita kumshika. Asiye na mtoto wala ndugu alikuwa na uzee mchungu. Na katika nyumba zote mzigo mkubwa uliwalemea wanawake: mke, binti, mkaza mwana. Mzigo huo haukuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu, na mpaka leo hauandikwi. Hilo tulishike, maana tutalirudia.

MISHENI NA KUKATIKA KWAKE

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Shigatini, katika Upare wa Kaskazini, mwaka 1900, na mwaka 1902 wakaanza Mbaga katika milima ya kusini. Waadventista Wasabato walifika Giti mwaka 1903, na Suji mwaka 1906. Nao Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaweka misheni Kilomeni. Kila kituo kilikuwa na sanduku la dawa, na mbele ya mlango wa mmisionari palikuwa na watu wenye vidonda tangu alfajiri. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini ilikuwa kazi ya ugonjwa mfupi: mtu alifungwa kidonda, akarudi kwao.

Kwa ugonjwa mrefu mfano wa kwanza ulikuwa jirani yetu katika Usambara, mahali paitwapo Lutindi. Pale palijengwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Baadaye, karibu na mwaka 1905, misheni ya Betheli ikawapokea wagonjwa wa akili. Lutindi haikuwafunga watu tu. Wagonjwa waliokuwa na nguvu walipewa kazi ya mashamba na ya nyumba, maana ilionekana ya kuwa mtu mwenye kazi na mwenzake hutulia kuliko mtu aliyekaa bure. Nyumba hiyo ingaliko, nayo ni ya zamani kuliko hospitali ya Mirembe ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927.

Lakini historia ya misheni yatufundisha jambo lingine lililo gumu. Mara mbili mkono ulioleta msaada ulikatwa kwa ghafula. Vita vya 1914 mpaka 1918 viliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, wakarudi baada ya miaka mingi. Na vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 wakashikwa tena. Walimu na wazee wa Kiafrika waliishika kazi, tena waliishika vizuri, na Waluteri wa Marekani walikuja kusaidia. Shule iliweza kufundishwa na mwalimu asiyelipwa, na sala iliweza kusaliwa chini ya mti. Lakini mgonjwa wa miaka kumi hangojei vita viishe. Akikosa dawa na bandeji mwaka mmoja, huupoteza mguu wake. Basi wazee wetu walijifunza mapema ya kuwa msaada wa nchi za ng'ambo ni mvua ya vuli: huja, tena hushukuriwa, lakini mtu hapandi shamba lake lote kwa kuitegemea.

HAZINA YA WENYEJI NA HABARI YA MBIRU

Mwaka 1926, chini ya Gavana Sir Donald Cameron, ikatoka sheria ya watawala wa wenyeji. Tangu hapo sehemu ya kodi ilibaki katika hazina za wenyeji, na kwa fedha hizo walilipwa makarani, wazee wa baraza, na madresa waliokaa katika dispensari ndogo za vijijini. Mwaka huohuo wa 1926 palianzishwa Kibong'oto, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, kuwa mahali pa kuwatunzia wenye kifua kikuu. Kwa mtu wa Same safari hiyo ilikuwa zaidi ya kilomita 100, na mtu wa Mamba au wa Chome alikuwa na milima ya kushuka kwanza.

Hapo ndipo fedha za watu wote zilipoanza kuingia katika kazi ya kuwatunza wagonjwa, na swali kubwa likazaliwa: nani alipe kiasi gani? Jibu la serikali katika Upare lilileta fitina iliyokumbukwa mpaka leo. Katika miaka ya vita ya pili ilitolewa kodi mpya iliyopimwa kwa kadiri ya mali ya kila mtu, nayo ikajulikana kwa jina la mbiru. Kwa maneno yenyewe ilikuwa haki: mwenye vingi alipe vingi, mwenye vichache alipe vichache. Lakini ilibidi watu wakae katika kijiji, wakadirie mali ya jirani zao. Huyu alisema, "Mbuzi wangu wamehesabiwa, na wa shemeji yake mtawala hawakuhesabiwa." Yule alisema, "Nimekadiriwa kwa chuki." Kati ya mwaka 1944 na 1947 maelfu ya Wapare walitoka milimani wakashuka Same, penye boma la wilaya, wakakaa hapo kwa zamu, wengine wakija na wengine wakirudi kulima, na katika Usangi wanawake nao waliinuka. Hawakukataa kodi yote. Walikataa kukadiriwa. Mwishowe makadirio hayo yaliondolewa.

Twaieleza habari hii katika maandishi ya wagonjwa kwa sababu moja. Mbiru ilikuwa kazi ya kupima ni nani aliye nacho. Miaka hamsini baadaye, kama tutakavyoona, nchi ilianza kazi ya kupima ni nani asiye nacho, ili asamehewe malipo ya hospitali. Kazi hizi mbili ni moja. Zote mbili hutaka jirani amhukumu jirani, na zote mbili huharibika watu wasipoiamini mizani.

BAADA YA UHURU: JAMBO LILILOFANIKIWA

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati ziliongezeka vijijini na matibabu ya serikali yakawa bila malipo. Hospitali ya Same ikawa ya wilaya, na ile ya Gonja ikabaki ya Waluteri, upande wa mashariki wa milima. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya ziliondolewa, zikarudishwa mwaka 1984. Na mwaka 1979 wilaya ya Pare iligawanywa, Mwanga ikawa peke yake na Same peke yake. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake. Lakini daftari la wagonjwa lililokuwa katika mkono mmoja likahamishwa katika mkono mwingine, na katika kuhamishwa mara nyingi majina hupotea.

Katika miaka hiyo kazi moja ilifanikiwa sana, nayo yafaa kuchunguzwa. Mwaka 1977 ulianza Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ambao Daktari Karel Styblo alisaidia kuutengeneza. Katika kila wilaya aliwekwa mratibu mmoja. Mratibu huyo alikuwa na daftari moja lenye jina la kila mgonjwa. Mgonjwa alikuwa na kadi yake. Dawa zilikuja kwa hesabu ya daftari. Na kila robo ya mwaka hesabu ilitolewa: wangapi wameanza, wangapi wamepona, wangapi wameacha, wangapi wamekufa. Matibabu yaliyokuwa ya mwaka mzima na zaidi yakafupishwa yakawa ya miezi 8. Njia hii iliyojaribiwa Tanzania ilichukuliwa na Shirika la Afya Duniani, ikafundishwa katika nchi nyingi.

Kwa nini ilifanikiwa? Si kwa wingi wa fedha tu. Ilifanikiwa kwa kuwa mtu mmoja aliulizwa, daftari lilikuwa moja, na fedha zake zilikuwa na jina. Tena ugonjwa wenyewe ulikuwa na mwisho.

Kwa wagonjwa wa akili ulijaribiwa mpango wa namna hiyo katika miaka ya 1980, na mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro ilikuwa ya kwanza kuujaribu, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na wa Denmark. Kusudi lilikuwa jema: mgonjwa asipelekwe mbali, bali mganga wa zahanati ajifunze kumpa dawa karibu na kwao. Lakini ugonjwa wa akili hauna miezi 8. Mtu huyo atahitaji dawa yake mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka ule wa tatu ambapo wafadhili wametazama mahali pengine.

MILANGO MINGI

Tangu mwaka 1993 wagonjwa walianza tena kulipa katika hospitali za serikali, kwa kuwa hazina ya nchi ilikuwa imepungukiwa. Pamoja na malipo ikatoka amri ya msamaha: watoto wadogo, wajawazito, wenye magonjwa ya kudumu, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wasilipe. Mwaka 2001 ikapitishwa sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii: nyumba hulipa mchango kwa mwaka, na serikali huongeza kiasi kilekile, nao watu wakaiita tele kwa tele. Mwaka 2003 ikatoka Sera ya Taifa ya Wazee, iliyosema ya kuwa mzee na atunzwe katika jamaa yake kwanza, na makao ya serikali, kama yale ya Njoro mjini Moshi, yawe ya wale wasio na mtu kabisa. Mwaka 2012 TASAF ikaanza kuzipa nyumba maskini fedha, nyumba hizo zikichaguliwa kwanza na mkutano wa kijiji. Mfuko wa jamii ukatengenezwa upya mwaka 2018, nyumba ya watu sita ikalipa shilingi 30,000 kwa mwaka.

Mtu akizisoma sheria hizi zote mezani, ataona ya kuwa mzee wa Upare amezungukwa na msaada. Basi na tumchukue mama mmoja, si mtu fulani, bali mfano wa wengi tuwajuao. Anakaa juu, mahali ambapo gari hufika kiangazi tu. Amepooza upande mmoja. Wanawe wako Dar es Salaam na Tanga. Mmoja hutuma fedha kwa simu, mwingine hana cha kutuma. Anaye mjukuu wa kike wa miaka kumi na mitano anayemwosha na kumlisha.

Mama huyu ana haki ya msamaha, lakini barua ya msamaha huanza kwa mtendaji wa kijiji, ikaenda kwa ofisa ustawi wa jamii, ambaye hana gari wala mafuta ya kupanda milima yote. Anaweza kupata fedha za TASAF, lakini mkutano wa kijiji ulisema, "Huyu ana wana mjini," akaachwa. Akifika katika hospitali akasamehewa, hospitali ile hairudishiwi fedha ya dawa aliyopewa. Basi kadiri inavyotii amri ndivyo kabati lake linavyokuwa tupu, nazo hospitali za misheni zasikia uzito huo zaidi. Mfuko wa jamii utalipa dawa, lakini hautamlipa anayemchukua kwa machela. Na mjukuu? Hakuna sheria hata moja katika hizo inayomtaja. Yeye ndiye anayeibeba kazi yote, naye ndiye aliyeacha shule.

Hapo twaona ya kuwa shida si ukosefu wa fedha peke yake. Dawa ni za Wizara ya Afya. Mambo ya wazee, tangu mwaka 2022, ni ya wizara nyingine, ile ya maendeleo ya jamii na makundi maalum. Ofisa anayetazamwa na mama huyu ni wa halmashauri, chini ya TAMISEMI. TASAF ina daftari lake, mfuko una daftari lake, parokia na usharika wana daftari lao. Mgonjwa ni mmoja na madaftari ni matano, wala hakuna ajuaye yaliyoandikwa katika daftari la mwenzake. Mzee mmoja husaidiwa na watatu, na jirani yake hasaidiwi na hata mmoja.

MVUA YA VULI TENA

Ugonjwa wa UKIMWI ulituonyesha uwezo wa kazi ya nyumbani. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, palikuwa tayari na watu wa kijiji waliofundishwa kuwatunza wagonjwa majumbani, wakitembea na mkoba wa dawa ndogo, glavu na sabuni. Wengi walikuwa wanawake, na wengi walijitolea. Walijua ni nani ameacha dawa, ni nani hana chakula, ni nani anaficha. Lakini sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo zilitoka ng'ambo, hasa Marekani, nazo zilikuwa za ugonjwa mmoja. Mhudumu aliyekwenda kumtazama mwenye UKIMWI alipita mlangoni kwa mama aliyepooza, wala hakuwa na agizo la kuingia. Na mwaka 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wa kazi hizo walitambua walichokitambua wazee wetu mwaka 1914 na mwaka 1939.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 serikali ilikuwa imezindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya laki moja kwa nchi nzima, wenye posho, na wa magonjwa yote pamoja. Hilo ni jambo jema. Kama posho itadumu, mlango wa mama yule utapata mtu wa kuubisha.

TULIYOJIFUNZA

Msomaji atauliza, Basi tufanye nini? Sisi si watunga sheria, lakini habari hizi zatupa mambo machache.

La kwanza, daftari na liwe moja kwa kijiji, na mtu mmoja aulizwe juu yake, kama mratibu wa kifua kikuu alivyoulizwa.

La pili, kupima umaskini wa jirani ni kazi yenye hatari. Zanzibar walitambua hilo. Mwaka 2016 walianza kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza ana mbuzi wangapi. Umri hauna shemeji wala chuki. Njia hiyo hugharimu fedha nyingi, maana huwapa hata wenye nacho. Lakini mtu wa Upare anayeikumbuka mbiru ataelewa kwa nini wengine huona gharama hiyo ni nafuu.

La tatu, hospitali inayosamehe na irudishiwe, la sivyo amri ya huruma huwa adhabu kwa wanaoitii.

La nne, anayemtunza mgonjwa nyumbani na ahesabiwe. Nchi nzima humtegemea, na hakuna aliyeandika jina lake.

Nasi katika sharika na jumuiya zetu tusijitoe katika lawama. Mara ngapi tumekwenda kumwona mgonjwa, tukaimba, tukasali, tukaacha sabuni, tukarudi mwaka uliofuata? Kwenda kwetu kulikuwa kwema, lakini hakukuwa na zamu.

Wazee wetu hawakuunda maji. Maji yalikuwako, yakishuka katika vijito vidogo, kila kimoja kikipotea katika mawe kabla ya kufika shambani. Walichofanya ni kujenga ndiva: wakayakusanya, wakaweka mtu wa kufungua, wakapatana zamu, na aliyekosa kuja katika msaragambo alitozwa. Msaada wa wagonjwa katika Upare leo ni vijito vingi. Serikali ina chake, misheni ina chake, wana walioko mjini wana chao, na mjukuu yule ana mikono yake miwili. Jubilei ijayo, watakaoandika baada yetu na waulizwe kama ndiva ilijengwa, na kama yule binti alirudi shule.